Umeme wa Kubeba Mgongoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vyanzo vya Umeme vya Askari Walio Uwanjani

Maswali haya yamekusanywa kutokana na yale yanayorudiwa sana na watu wanaofuatilia vifaa vya kijeshi, hasa vya askari wa miguu ambao hawana gari la kuchomekea chaja. Uzito na ujazo wa umeme uliotajwa ni wa kukadiria, kwa sababu vifaa vya jina moja hutofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda na kati ya toleo na toleo.

## Mambo ya msingi

1. Askari wa miguu anahitaji umeme kwa kazi gani hasa?

Kazi ya kwanza, na ndiyo kongwe kuliko zote, ni redio. Tangu Vita vya Pili vya Dunia, askari wa mawasiliano amekuwa mtu mwenye shanta zito katika platuni: redio ya mgongoni ya Marekani iliyoitwa SCR-300 ilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi, na betri ilikuwa sehemu kubwa ya uzito huo. Leo redio zimekuwa nyepesi mno, lakini vifaa vinavyokula umeme vimeongezeka: miwani ya kuonea usiku, kamera za joto, vipima umbali, simu yenye ramani iliyofungwa kifuani, taa, mitambo ya kuvuruga mawimbi ya mabomu ya kutegwa, na sasa droni pamoja na skrini zake. Kila kifaa kimoja hutumia umeme kidogo. Vikiwekwa pamoja kwa siku tatu, hesabu hubadilika.

2. Nilinganishe vyanzo kwa kipimo gani: wati, ampea-saa au volti?

Tumia wati-saa kwa kila kilo ya mzigo. Wati ni kasi ambayo umeme unatoka, kama upana wa mdomo wa bomba. Wati-saa ni wingi wa umeme uliomo, kama maji yaliyo ndani ya pipa. Ampea-saa peke yake hupotosha kwa kuwa haisemi volti ni ngapi. Pawa benki iliyoandikwa miliampea-saa 10,000 huonekana kubwa kuliko betri ya redio iliyoandikwa ampea-saa 7.5, kumbe ya kwanza, kwa volti 3.7 za seli zake, ina wati-saa 37 tu, ilhali ya pili ina zaidi ya mara nne ya hapo.

Kasi nayo isisahauliwe. Kuna vyanzo vyenye umeme mwingi ambao hautoki haraka, na redio inapotuma ujumbe huhitaji umeme mwingi kwa sekunde chache. Ndiyo maana karibu kila chanzo kingine hufuatana na betri ya kati inayopokea polepole na kutoa kwa nguvu. Jambo hili hurudi tena katika maswali ya 7 na 9.

3. Ni kweli kwamba betri ni mzigo mzito kiasi hicho?

Ni kweli. Takwimu inayotajwa mara nyingi katika Jeshi la Marekani ni kilo 7 hadi 9 za betri kwa askari mmoja anayekwenda doria ya saa 72. Hebu fikiria kupanda milima siku tatu na dumu la lita nane la maji ambalo huruhusiwi kunywa hata funda moja.

Mfano huo wa maji unafaa kwa sababu nyingine pia, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha ulinganisho wote. Chakula hupungua kila mlo, maji hupungua kila funda, risasi hupungua zikipigwa, na mafuta ya jenereta hupungua kadiri inavyonguruma. Betri haipungui. Betri iliyokwisha ina uzito uleule iliokuwa nao ikiwa imejaa, na askari mara nyingi haruhusiwi kuitupa njiani (tazama swali la 18). Siku ya tatu ya doria, mtu amechoka, shanta lake lina mabaki ya chakula na kilo kadhaa za vitu visivyo na kazi tena.

## Betri

4. Betri za kutumika mara moja na za kuchajiwa, zipi bora?

Miaka ishirini iliyopita jibu lilikuwa rahisi: vitani za kutumika mara moja, mazoezini za kuchajiwa. Leo si rahisi hivyo.

Mfano mzuri ni jamaa moja ya betri za kijeshi za Marekani zenye umbo la tofali, ambazo huingia katika redio nyingi za mgongoni. BA-5590 ni ya lithiamu na salfa dayoksaidi, hutumika mara moja, ina uzito wa kilo moja na hubeba wati-saa 170 hivi. BA-5390, ya lithiamu na manganizi dayoksaidi, ina kilo 1.35 na hubeba takribani wati-saa 250. Upande wa kuchajiwa, BB-390 ya nikeli na haidridi ilikuwa na zaidi ya kilo moja na nusu na umeme usiofika wati-saa 130, na hapo ndipo askari wengi walipojifunza kuzidharau betri za kuchajiwa. BB-2590 ya ioni za lithiamu imegeuza mambo: ina kilo 1.4, na matoleo ya karibuni hufika wati-saa 290.

Kwa hiyo, kwa kilo moja ya mzigo, ile ya kuchajiwa imeifikia na hata kuipita ile ya kutupwa. Ya kutumika mara moja imebaki na sifa mbili zisizodharauliwa: hukaa ghalani miaka mingi bila kupoteza chaji, na hustahimili baridi (swali la 13). Ukiwa na mahali pa kuchajia, chukua za kuchajiwa. Ukiwa huna uhakika utachajia wapi kwa wiki nzima, za mara moja bado zina nafasi yake.

Kuna funzo la ugavi ambalo halihusu kemia. Wakati wa uvamizi wa Iraq mwaka 2003, majeshi ya Marekani yalipungukiwa na BA-5590 kwa kiasi cha kutia hofu, kwa kuwa matumizi yalipanda ghafla na viwanda vilivyoweza kuitengeneza vilikuwa vichache. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ya mwaka 2005 iliitaja betri hiyo miongoni mwa bidhaa muhimu zilizoadimika vitani. Jeshi linalotegemea betri za kutupwa linategemea pia kila meli, kila ndege na kila lori linalozileta.

5. Kwa nini inasemekana askari hutupa betri ambazo hazijaisha?

Kwa sababu hakuna mtu anayetaka redio yake izime katikati ya mapigano. Matoleo ya zamani ya betri za mara moja hayakuwa na kipimo cha kuonyesha chaji iliyobaki. Askari aliyerudi doria saa kumi jioni na anayetakiwa kutoka tena saa sita usiku hakuwa na njia ya kujua kama betri yake ina robo au robo tatu, kwa hiyo aliweka mpya. Huo haukuwa uzembe, kwa maana bei ya kukosea ilikuwa kubwa mno kuliko bei ya betri.

Dawa yake iligeuka kuwa kitu kidogo sana. Ubavuni mwa BB-2590 kuna kidirisha chenye vistari vitano, kila kimoja kikiwakilisha asilimia 20. Unatazama, unahesabu, unaamua. Kwa upande mwingine vimekuja visanduku vya kugawia umeme, vyenye uzito usiozidi nusu kilo, ambavyo hunyonya mabaki ya betri yenye kistari kimoja, ya gari lililosimama au ya paneli ya jua, kisha huyapeleka kwenye kifaa kinachohitaji. Nikiulizwa ni kifaa gani kimoja cha kuongeza kwa seksheni isiyo na fedha nyingi, nitataja kisanduku hicho kabla ya chanzo chochote kipya.

6. Betri za kuvaa zina faida gani juu ya zile za umbo la tofali?

Hazina umeme mwingi zaidi. Ile inayotumiwa na Jeshi la Marekani hubeba takribani wati-saa 150 kwa uzito wa kilo moja na kidogo. Faida yake ni mahali inapokaa. Ni bapa, hupinda kidogo kufuata mwili, na huingia ndani ya fulana ya kuzuia risasi, hivyo uzito hukaa karibu na kiwiliwili. Pili, hulisha vifaa vyote kupitia waya, na askari halazimiki tena kubeba aina tano za betri ndogo. Kasoro ni waya zenyewe: zikinasa kwenye kichaka au mlango wa gari, kiunganishi huvunjika, na kiunganishi kimoja kikivunjika vifaa vyote hulala.

## Vyanzo vinavyozalisha umeme

7. Paneli za jua hufanya kazi kweli vitani?

Zimefanya kazi mahali pagumu. Msimu wa vuli wa mwaka 2010, Kombania ya India (jina tu la kombania, si la nchi) ya batalioni ya 3/5, yaani ya tatu ya rejimenti ya tano, ya Wanamaji wa Marekani ilikwenda Sangin, mkoani Helmand, Afghanistan, ikiwa na paneli za kukunjwa za mfumo ulioitwa SPACES na zile kubwa za kituoni zilizoitwa GREENS. Haikuwa safari ya majaribio ya maabara: batalioni hiyo ilipoteza watu 25 katika awamu ile. Doria moja iliweza kukaa wiki tatu bila kuletewa betri mpya, jambo ambalo kabla ya hapo lisingefikirika.

Namna ya kuitumia ni hii. Paneli hufunguliwa kama mkeka juu ya paa la udongo au juu ya shanta, waya wake huingia kwenye kisanduku cha kuchajia, na betri mbili hukaa pembeni kivulini. Mtu mmoja anaigeuza kufuata jua kila baada ya saa moja au mbili, na anapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kivuli cha fimbo moja tu kikipita juu ya paneli kinaweza kuangusha umeme kuliko unavyodhani, kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa mfuatano na iliyofunikwa huwazuia wenzake.

Tufanye hesabu. Paneli iliyoandikwa wati 60, yenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, ikipata jua linalolingana na saa tano za jua kali, ingetoa wati-saa 300. Ondoa hasara ya joto, vumbi, pembe mbaya na chaja, utabaki na 180 hivi. Ukilinganisha na betri yenye wati-saa 200 kwa kilo, paneli imelipia uzito wake kabla ya siku ya pili kwisha, na kila siku inayofuata ni faida tupu.

Masharti yake ni mawili: jua na kutulia. Kikosi kinachotembea mchana kutwa msituni hakitapata kitu. Karibu na Ikweta, kama vile Somalia walikokuwa wanajeshi wa Kenya na Uganda, mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, na hilo ni baraka ambalo jeshi la Norway halina. Lakini mashariki mwa Kongo, walikopelekwa wanajeshi wa Tanzania, jua hilohilo huzuiwa na mawingu, mvua na miti, na hesabu ya pale juu inaweza kupungua nusu.

8. Kwa nini wasichukue jenereta ndogo tu?

Huchukua, ila si mgongoni. Jenereta ndogo ya petroli ya aina ya Honda EU2000i, ambayo askari wa nchi nyingi wameipenda kwa utulivu wake, ina kilo 21 bila mafuta na hutoa wati 1,600 mfululizo. Jenereta ya kijeshi ya dizeli ya kilowati 2 ina uzito wa kilo 70 hivi na huhitaji watu wawili kuinyanyua.

Tatizo la kwanza ni mafuta yenyewe. Majeshi ya NATO yamejipangia kutumia mafuta ya aina moja uwanjani, yale ya jamii ya mafuta ya ndege ambayo injini za dizeli huyakubali. Jenereta ya petroli basi huhitaji mnyororo wake wa ugavi, na ugavi hugharimu maisha: utafiti wa Jeshi la Marekani uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba nchini Afghanistan, kwa kila misafara 24 ya mafuta, mtu mmoja aliuawa au kujeruhiwa. Takwimu hiyo inafaa kukumbukwa kila mtu anaposema kwamba dizeli ni rahisi.

Tatizo la pili ni kuiendesha bila mzigo wa kutosha. Jenereta hiyo ya Honda, yenye tangi la lita 3.6, hudumu zaidi ya saa 3 kwa mzigo kamili na saa 8 au 9 kwa robo ya mzigo. Inaonekana kama kubana matumizi, lakini piga hesabu: mzigo kamili hutoa takribani kilowati-saa 5 kwa tangi, robo ya mzigo hutoa chini ya 4. Zile za dizeli hudhurika zaidi, kwani mafuta yasiyoungua vizuri hujilimbikiza katika mfumo wa moshi. Iwashe kwa saa chache ikiwa na kazi ya kutosha, jaza betri zote, kisha izime.

9. Seli za mafuta ni nini, na mbona hazijaenea?

Ni chombo kinachogeuza mafuta kuwa umeme kwa njia ya kemia, bila injini wala mwako wa kawaida. Za methanoli hutumia chupa ndogo za pombe hiyo; za propani hutumia gesi na hufanya kazi ndani yake kukiwa na joto la mamia ya nyuzi. Mvuto wake ni kwamba mafuta hubeba nishati nyingi mno kuliko betri: kilo moja ya methanoli ina kilowati-saa 5.5 hivi, na hata ukipoteza robo tatu yake bado unabaki na umeme mwingi kuliko kilo ya betri yoyote ya jeshini.

Jaribio kubwa la hadharani lilikuwa shindano la Wizara ya Ulinzi ya Marekani lililomalizika Oktoba 2008 huko Twentynine Palms, California. Sharti lilikuwa kutoa wastani wa wati 20 kwa saa 96, na kufika wati 200 inapohitajika, kwa mfumo wa kuvaliwa usiozidi kilo 4. Mshindi wa dola milioni 1 alikuwa timu ya DuPont na kampuni ya Kijerumani ya SFC kwa seli ya methanoli; wa pili alikuwa Adaptive Materials wa Michigan kwa propani. Betri za BB-2590 zenye umeme huohuo, hata matoleo ya leo, zingekuwa saba, karibu kilo 10.

Mbona basi si kila askari anayo? Methanoli ni sumu na huwaka. Chupa zake haziokotwi sokoni kama petroli. Chombo huhitaji kupumua hewa, kwa hiyo hakiwezi kuzamishwa mtoni wala kufukiwa mchangani. Baridi kali huweza kugandisha maji yaliyomo. Na kikiharibika, hakuna fundi wa kawaida wa kukifungua. Vikosi vidogo maalumu vinavyokaa sehemu moja kwa siku nyingi, kwa mfano waangalizi waliojificha mlimani, ndivyo vilivyofaidika zaidi.

10. Je, mwili wa askari hauwezi kuzalisha umeme wenyewe?

Unaweza, kidogo. Katika Vita vya Pili vya Dunia jenereta ya kuzungusha kwa mikono, kama GN-58 ya Marekani, iliendesha redio pasipo betri: mmoja anazungusha, mwingine anazungumza, na wa kwanza analoa jasho. Mwaka 2005 Lawrence Rome wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alionyesha shanta ambalo mzigo wake unapopanda na kushuka kwa hatua hutoa hadi wati 7.4, mtu akiwa amebeba kilo 38. Mwaka 2008 Max Donelan wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, alionyesha kifaa cha goti kilichotoa wati 5 hivi kwa miguu miwili, hasa pale mguu unapojizuia, kama gari linapofunga breki.

Ni kazi nzuri ya kitaalamu. Lakini vifaa hivyo vina uzito wake, na goti la askari aliyebeba mzigo mkubwa tayari lina matatizo ya kutosha. Kwa maoni yangu mkono wa kuzungusha unabaki kuwa njia ya dharura, na ya kuheshimiwa, ya kupeleka ujumbe mmoja wa mwisho.

## Kulinganisha

11. Ni baada ya siku ngapi inafaa kuacha kubeba betri tu?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, na hujibiwa kwa hesabu wala si kwa ushabiki.

Chukua askari anayetumia wastani wa wati 10. Kwa siku moja anahitaji wati-saa 240: BB-2590 moja, kilo 1.4. Kwa siku mbili, betri mbili, kilo 2.8. Kwa siku tatu, betri tatu, kilo 4.2. Kwa siku nne, nne, kilo 5.6.

Sasa mpe seli ya methanoli ya wati 25, yenye kilo 1.7 hivi, na betri moja ya kati. Chupa moja ya mafuta yenye gramu 360 hutoa takribani wati-saa 400. Siku mbili zitamgharimu kilo 3.5, siku tatu au nne, kilo 3.8. Mistari hiyo miwili hukutana karibu na siku ya tatu. Kabla ya hapo betri ni nyepesi, rahisi na kimya. Baada ya hapo kila siku inayoongezeka huipendelea seli. Ukipandisha matumizi hadi wati 20, makutano husogea hadi kati ya siku ya kwanza na ya pili. Na kama seli moja inahudumia seksheni nzima badala ya mtu mmoja, faida huja mapema zaidi.

Paneli ya jua ingesogeza makutano hayo kwa namna yake (swali la 7), ila hesabu yake hutegemea mawingu, na kamanda hawezi kuamuru mawingu. Ndiyo maana wanaopanga vizuri hubeba betri za siku ya kwanza na ya pili kana kwamba jua halitatoka.

12. Vita vya Ukraine vimebadilisha nini?

Vimebadilisha ukubwa wa mahitaji. Betri moja ya droni ya DJI Mavic 3 ina wati-saa 77 na gramu 335, na hurusha droni kwa chini ya dakika 46. Safari 12 kwa siku ni zaidi ya wati-saa 900, na ukiongeza hasara ya kuchaji unapita 1,000. Kifaa cha Starlink cha toleo la pili, kinacholeta intaneti ya setilaiti, hula wati 50 hadi 75. Kikiwashwa mchana na usiku, ni wati-saa 1,200 hadi 1,800. Handaki moja lenye vitu hivyo viwili linahitaji kilowati-saa 2.5 kwa siku, kabla hujahesabu redio.

Betri za kijeshi za kilo 1.4 hazikuundwa kwa kazi hiyo, hivyo askari na watu wanaojitolea wamegeukia masanduku ya umeme ya kiraia, kama EcoFlow Delta 2 yenye wati-saa 1,024 na kilo 12. Sanduku hubebwa nyuma kwenye jenereta, hujazwa, kisha hurudishwa mahandakini usiku. Jenereta hubaki mbali ambako haisikiki. Betri na jenereta zimeacha kushindana, kila moja ikifanya kazi ambayo nyingine haiwezi. Wakati huohuo, kilo 12 zinazobebwa na watu wawili gizani kwenye tope, huku droni za adui zikizunguka juu, si jambo dogo.

## Hali ngumu na maswali ya pembeni

13. Baridi inaathiri vipi?

Vibaya. Betri za ioni za lithiamu zikiwa chini ya nyuzi sifuri zisichajiwe, kwa kuwa lithiamu hujipaka kama metali ndani ya seli na kuiharibu kabisa, hata kuiweka katika hatari ya kushika moto. Kutoa umeme zinaweza, ila kwa nyuzi 20 chini ya sifuri hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Za lithiamu na salfa dayoksaidi hufanya kazi hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na hapo ndipo betri ya kutupwa inaposhinda waziwazi. Suluhisho la askari wa kawaida ni la kale: betri hulala naye ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na tumbo.

14. Na joto kali?

Joto halizimi betri papo hapo, bali huila maisha yake polepole. Betri iliyojaa ikiachwa kwenye dashibodi ya gari lililofungwa jangwani huzeeka kwa wiki kama ambavyo ingezeeka kwa miezi. Paneli pia hutoa umeme pungufu zikipata moto, ndiyo maana ni vizuri kuacha nafasi ya upepo chini yake.

15. Chanzo kipi hujificha vizuri?

Betri haina kelele, haina moshi, na joto lake ni dogo. Paneli haina kelele lakini hung'aa na ina umbo la mstatili ambalo halipo porini, kwa hiyo huonekana kutoka angani. Seli ya methanoli ina feni ndogo na hewa ya vuguvugu; ya propani ni ya moto zaidi. Jenereta husikika, hunukia, na kwenye kamera ya joto ya droni huonekana kama nyota. Wanaolazimika kuitumia huichimbia shimo, huifunika na huuelekeza moshi wake ardhini, lakini wahakikishe hewa inapita: moshi wake una kaboni monoksaidi, na umeua watu waliolala kwenye mahandaki na mahema.

16. Je, risasi ikipiga betri italipuka? Na vipi kusafiri nazo kwa ndege?

Betri ya ioni za lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka kwa kishindo na kutoa moshi wenye sumu, japo zile za kijeshi hujaribiwa ili zipunguze hatari hiyo. Maji mengi hufaa kuipoza. Kwa betri zenye lithiamu ya metali, yaani za mara moja, maji kidogo yanaweza kuchochea badala ya kuzima, kwa hiyo ni bora kuziacha ziungue mbali na watu. Zile za salfa dayoksaidi zikipasuka hutoa gesi inayokaba koo: ondoka, usiiname kuichungulia.

Kwenye ndege za abiria, kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja, na hadi 160 kwa idhini ya shirika la ndege. BB-2590 imepita kikomo hicho, kwa hiyo husafirishwa kama mzigo wa hatari wenye taratibu zake.

17. Pawa benki ya dukani inatosha?

Kwa simu na taa, ndiyo, na askari wengi huzitumia. Kwa redio ya mgongoni inayotaka volti 24, hapana, labda upitie kisanduku kilichotajwa katika swali la 5. Jihadhari na ujazo ulioandikwa juu ya zile za bei rahisi, na usiamini kwamba zinastahimili maji hadi umeona mwenyewe.

18. Betri zilizokwisha zifanyweje?

Zirudishwe nyuma, na zisiachwe porini. Sababu ya mazingira inajulikana. Sababu ya kijeshi ilijulikana kwa uchungu Vietnam, ambako wapiganaji wa Viet Cong waliokota betri za redio zilizotupwa na Wamarekani na kuzitumia katika mitego ya mabomu. Betri inayoshindwa kuendesha redio bado ina nguvu ya kutosha kwa kazi kama hiyo.

Ili isibaki na hatari ikishatumika, BA-5590 ina swichi ya kumaliza chaji kabisa, iliyofichwa chini ya kibandiko. Askari huondoa kibandiko, huibonyeza swichi kwa ncha ya kitu kigumu, na betri huanza kujimaliza yenyewe ndani kwa ndani, ikipata vuguvugu. Huwekwa peke yake mahali penye hewa, mbali na nguo na risasi, kwa siku kadhaa. Ikiwa ya moto, haiguswi. Ikishapoa na muda wake ukitimia, huingia kwenye gunia la kurudishwa pamoja na nyingine.